Dakika Hamsini Hadi Kisumu

Kila mkinikuta hapa steji ya Kawangware 56 nikichagua sukuma wiki, nyinyi vijana mnaanza: "Madam Tiketi, niaje? Hapa hadi Kisumu kwa ndege ni muda gani?" Kabla sijafungua mdomo, mmoja wenu ameshatoa simu anasoma kwa sauti, "Dakika hamsini!" Haya, mmeshinda. Lakini mimi nimeuza tiketi za ndege zaidi ya miaka ishirini, pale ghorofani juu ya duka la misumari na mabati, na nawaambia kitu kimoja: hiyo simu yenu haijawahi kuchelewa ndege hata siku moja. Mimi nimewahi kuwachelewesha watu, kwa hivyo nisikilizeni mimi.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja, meza mbili, kompyuta iliyokohoa ikiwashwa, na ramani kubwa ya Kenya ukutani. Upande wa pili wa mbao kulikuwa na saluni, basi mteja akitaka kujua bei, sote wawili tunapiga kelele kushinda mashine za kukausha nywele. Watu wa mitaa mingine walikuwa wakinicheka. "Ati watu wa Kawangware wanapanda ndege?" Wanapanda sana tu! Mwenye ploti ana binti aliyeolewa Kitale, pasta ana mkutano Eldoret, mama wa Kibera ana mgonjwa Kisumu. Shida ya haraka haiulizi unaishi mtaa gani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Masinde. Huyo alifanya kazi uwanjani miaka mingi akipanga safari za ndege, hadi magoti yakakataa ngazi, akaja kufungua ofisi yake hapa ambapo, kwa akili zake, kulikuwa na ngazi tena. Siku yangu ya kwanza alinipa uzi wa kushonea na pini mbili. Akaniambia, "Pima Nairobi hadi Kisumu." Nikachukua uzi, nikaupeleka taratibu juu ya ramani: Naivasha, Nakuru, Kericho, nikikunja kila kona kama barabara ilivyokunja. Niliona nimefanya kazi safi kabisa. Masinde alicheka mpaka akavua miwani.

"Dada yangu," akasema, "kwani ndege inasimama Nakuru kununua viazi?"

Basi nikanyoosha uzi. Kwa barabara ni kama kilomita mia tatu na hamsini, lakini uzi ulionyooka ni mia mbili sitini na kitu. Hapo ndipo nilianza kuielewa kazi. Halafu nikajifanya mwerevu: nikasema kama Kisumu ni dakika hamsini, basi mahali palipo nusu ya hapo ni dakika ishirini na tano. Akacheka tena. Ndege, akanieleza, iende mbali au iende karibu, lazima ipande na lazima ishuke, na kupanda na kushuka hakupunguzwi kwa sababu wewe unaenda karibu. Tena zile dakika zilizoandikwa kwenye tiketi si za hewani peke yake. Zinaanza gurudumu likisogea, na kuisha gurudumu likisimama. Na kurudi kunaweza kuchukua dakika kadhaa zaidi kuliko kwenda, kwa sababu ya upepo. Mteja mmoja alikuja kulalamika kwamba kurudi walipewa dereva mzembe. Nikamwambia dereva ni yule yule, ila njiani alikutana na upepo. Hakuniamini hata kidogo.

Sasa niwaambie la yule pasta, mcheke kidogo.

Alikuwa na mkutano Eldoret Jumamosi, na mwingine Kisumu Jumapili. Akaniuliza, "Dada, si Eldoret na Kisumu ni majirani?" Nikachukua uzi wangu. Ulikuwa mfupi kama kidole. Nikamwambia, "Pasta, ni hapo tu, hata shingo haitachoka." Tatizo ni kwamba siku hizo hakukuwa na ndege ya kutoka Eldoret moja kwa moja hadi Kisumu. Kompyuta ikanipa njia yake: Eldoret, Nairobi, Kisumu. Nami nikauza tu! Nilijiambia, si atafika?

Alifika. Aliruka kutoka Eldoret hadi Embakasi, ule uwanja mkubwa wa Nairobi, akakaa pale saa nne akitafuna keki kavu, kisha akaruka tena hadi Kisumu. Kwaya yake ilitoka Eldoret kwa barabara, ikasimama njiani kula mahindi ya kuchoma, na walipokwenda kumpokea walikuwa wameshaoga na kubadilisha nguo. Jumatatu akapanda ngazi zetu. Hakunifokea, alikuwa mtu wa Mungu kweli. Alisema tu, "Dada, nimetoka jirani kwenda kwa jirani, na nimepita nyumbani kwangu katikati."

Masinde hakucheka siku hiyo. Aliniketisha. "Mtu akikuuliza ndege inachukua muda gani," akasema, "usimjibu habari ya ndege. Yeye si ndege. Ana mlango anaotokea na mlango anaotaka kuingia. Muulize anatokea wapi, nani anamngoja, na anamngoja saa ngapi. Kisha uhesabu kutoka mwisho ukirudi nyuma." Nilifanya hivyo miaka mingi. Niliandika kwa kalamu nyuma ya kila tiketi: toka nyumbani saa fulani, fika uwanja fulani saa fulani, ukishuka panda gari la kwenda mahali fulani. Wateja walikuwa wakiyapenda hayo maandishi kuliko tiketi yenyewe.

Halafu tiketi zikaanza kuingia moja kwa moja kwenye simu ya mteja, na karatasi ikapotea. Masinde akastaafu, ofisi nikaachiwa mimi, na nikawa mjuaji. Mjuaji ni mtu hatari sana, wapendwa. Ndipo likanipata la Mama Shamsa.

Mama Shamsa, jina lake hasa Zuhura, ni Mnubi wa Makina, Kibera. Mama wa watu, mwenye nyumba za kupangisha na sauti ya kutosha mtaa mzima. Mimi naishi mtaa wa Raila, kule kule Kibera chini, na tulikuwa tukifahamiana kwa miaka. Asubuhi moja saa kumi na mbili, nikiwa bado nawasha jiko, simu ikalia.

"Madam, mama yangu amefariki alfajiri hii. Kule Kibos."

Kibos ni nje kidogo ya Kisumu, na Wanubi wengi wako huko tangu zamani. Nikampa pole. Nilikuwa namjua yule bibi kwa maneno ya mwanawe tu, maana sikuwahi kumwona.

"Wanazika leo baada ya swala ya adhuhuri," akasema. "Kuosha maiti ni saa sita. Aliniusia mimi, Madam. Alisema mbele ya watu wote, Zuhura ndiye ataniosha. Si mwingine. Kwa ndege ni muda gani?"

"Dakika hamsini."

"Basi nitafika," akasema, na nikasikia ameanza kulia.

Wenzetu Waislamu hawaweki maiti wakingoja jamaa wa mbali wafike. Kwa basi angefika watu wameshatoka makaburini. Kwa ndege ya jioni, vilevile. Nikaingia kwenye simu haraka. Ile ndege ndogo ya uwanja wa Wilson ya saa nne u nusu ilikuwa imejaa. Lakini ndege kubwa ya Embakasi ya saa nne kamili ilikuwa na viti vitatu. Nikashika kimoja, nikalipia, tiketi ikaruka kwenye simu yake. Nikampigia: "Tayari mama. Uwe huko saa tatu, usichelewe." Nikajipongeza, nikanywa chai yangu, nikafunga safari ya kwenda kazini.

Mnaona nilichosahau?

Wateja wangu wote wa Kibera, miaka yote hiyo, nilikuwa nikiwasafirisha kupitia Wilson. Uko pale tu ng'ambo ya Lang'ata Road, ukitoka kwetu unafika kwa mguu na viatu bado ni visafi. Sikuwa na mazoea ya kumwambia mtu wa Kibera aende Embakasi, kwa sababu sikuwahi kumpeleka huko. Na tiketi ya simu inaandika uwanja kwa herufi tatu tatu za Kizungu ambazo mtu aliyefiwa hana macho ya kuzisoma. Mtu wa mtaa mwingine angetaja uwanja. Mimi wa Kibera sikukumbuka kwamba kuna uwanja wa kutaja.

Saa tatu kasoro dakika tano, simu.

"Madam, nimefika mapema, boda imenileta dakika kumi tu. Lakini huyu dada wa kaunta anasema jina langu halipo. Hebu ongea naye."

"Mama Shamsa, uko wapi?"

"Si niko Wilson!"

Wale wasichana wa saluni waliniambia baadaye kwamba nilitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji.

Ndipo nikahesabu, hesabu niliyopaswa kuifanya tangu saa kumi na mbili. Kaunta ya Embakasi ingefungwa yapata saa tatu na dakika ishirini. Alibakiwa na dakika ishirini na tano. Atoke getini, atafute teksi, apande ile barabara ya juu, ashuke, apite ukaguzi, avue viatu, avae viatu. Haiwezekani. Na akijaribu akashindwa, atakuwa Embakasi bila ndege na Wilson ameiacha nyuma.

"Usitoke hapo," nikamwambia. "Kaa kitako."

"Nikae? Madam, mama yangu hangoji!"

"Najua. Kosa ni langu, si lako hata kidogo. Kaa, nipe dakika tano."

Nilikata simu, nikaangalia tena. Ndege ya Wilson ya saa nne u nusu bado ilikuwa imejaa, kila kiti. Lakini kiti kimoja nilikiuza mimi mwenyewe, na nilijua nani amekikalia kwa moyo wake wote.

Mzee Karanja ana ploti nne hapa Kawangware, shamba la babu yake lote lilikuwa hapa kabla ya steji na saluni. Ni mtu wa kufika uwanjani saa mbili na nusu kabla ya ndege kuondoka, na thamosi yake ya chai, na redio ndogo sikioni. Alikuwa akienda Kisumu kwa ubatizo wa mjukuu wake, uliokuwa kesho yake. Na alikuwa amenisumbua mwezi mzima apate dirisha, tena dirisha la kulia.

"Mzee Karanja, uko wapi?"

"Niko hapa Wilson tangu saa mbili. Mimi si mtu wa kuchelewa. Kwani ndege imeharibika?"

"Ndege iko sawa. Nataka kiti chako."

"Haiya!"

Nikamweleza yote, na kosa langu nikalitaja bila kulizunguka. Akavuta pumzi ndefu.

"Madam, mimi niko na miaka sabini na moja. Nimeona mlima wa Longonot nikiwa chini maisha yangu yote, nataka kuuona nikiwa juu. Kwa hiyo ndege yote hakuna mtu mwingine wa kuuliza, ni mimi?"

"Ni wewe tu ninayekujua, Mzee. Nitakuweka ya jioni, utawahi ubatizo vizuri."

"Jioni kuna mawingu."

Na ni kweli, jioni kuna mawingu.

"Huyo mama yuko wapi?" akauliza mwishowe.

"Atakuwa ameketi karibu na kaunta. Huwa anavaa buibui, na nadhani analia."

"Namwona."

Hakukata simu. Aliitia tu kwenye mfuko wa shati, na mimi nikabaki nimeibana ya kwangu sikioni, nasikia kila kitu kama niko chini ya blanketi.

"Mama, ni wewe umefiwa?"

"Ni mimi, Mzee wangu."

"Ni mama mzazi?"

"Ndiye."

"Na kwa hiyo kazi ya kuosha, hakuna wengine huko nyumbani? Lazima ni wewe?"

"Wengine wapo wengi. Lakini aliniambia mimi."

Nikasikia thamosi ikifungwa. Halafu sauti ya Karanja, juu, ile anayotumia kuita fundi: "Dada wa kaunta! Toa mzigo wangu kwa hiyo ndege, uweke wa huyu mama. Mimi nimekuwa wa jioni." Mambo ya majina na malipo tukayamaliza kwa simu, mimi na yule dada, kabla ya saa nne kugonga. Kisha Karanja akakumbuka kwamba nimo mfukoni mwake.

"Na wewe Madam! Hiyo ya jioni, dirisha la kulia. Ukiniambia imejaa tutakosana mimi na wewe."

Saa tano na dakika ishirini na tano nilipata ujumbe wa neno moja: Nimeshuka. Uwanja wa Kisumu uko upande mmoja wa mji na Kibos uko upande wa pili. Nilikuwa nimeshampigia dereva ninayemjua huko, yuko getini na gari limewashwa. Zaidi ya hapo sikuwa na la kufanya. Mteja mmoja alikuja kuuliza bei ya Malindi, nikamwambia ofisi imefungwa, na mlango ulikuwa wazi. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Sikuthubutu kupiga simu kwenye matanga kuuliza kama kosa langu limemharibia mtu kuaga mama yake. Siku tatu nilikula bila kujua nakula nini.

Nawaambia haya si kwa sababu naona raha kuyasema. Nyinyi mnafanya kazi hizi hizi sasa, mnaagizia watu mizigo, mnawaitia magari, mnawakatia tiketi wazazi wenu mkiwa kitandani. Muulizeni mtu anatokea mlango gani. Na uwanja utajeni kwa jina, hata kama mnaona ni upuzi.

Siku ya nne Mama Shamsa alipanda ngazi zetu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu ya kuomba msamaha, na nilipomwona mlangoni yote ikanipotea. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba mapajani.

"Nilimwosha," akasema. "Nilifika saa sita kasoro dakika saba. Maji yalikuwa tayari, walikuwa wakiningoja mlangoni. Nilimwosha kwa mikono yangu mwenyewe kama alivyotaka."

Nikashukuru Mungu kwa sauti, sikujali saluni. "Mama Shamsa, nisamehe. Ningekukosesha mama yako kwa uzembe wangu."

"Nilikusamehe kabla ndege haijaruka. Sikuja kwa ajili hiyo." Akainua macho kwenye ramani. "Uliniambia dakika hamsini."

"Ndiyo."

"Niliangalia saa. Ilikuwa arobaini na nane."

"Ni upepo," nikasema, kama mjinga.

"Kila Ijumaa alikuwa akinipigia. Zuhura, utakuja lini nikuone? Nami namwambia, mama, Kibos ni mbali. Acha mvua iishe. Acha shule zifungwe. Acha nimalize hili paa la wapangaji. Yeye ananiambia sawa, mwanangu, najua ni mbali. Miaka sita, Madam. Na ndani ya ile ndege hatujamaliza hata soda waliyotugawia, tunaambiwa tufunge mikanda, tunashuka."

Akafungua mkoba akitafuta leso, asiione, na ilikuwa mkononi mwake.

Nilitoka nyuma ya meza, nikavuta kiti karibu naye, na tukalia sote wawili waziwazi, mpaka wasichana wa saluni wakazima mashine zao na kuja mlangoni kuuliza kuna nini.

"Dakika arobaini na nane," Mama Shamsa akawaambia.